Kuziba matundu ya kitasa na bawaba za zamani kwenye mlango wa mvule

Mlango wa mvule wa nyumba kuukuu, uwe Kisumu au Nakuru, ukiutoa rangi utaukuta umejaa matundu: ya komeo la kwanza, ya kitasa kilichobadilishwa, ya ndoano ya pazia, pamoja na mifuko (vishimo vilivyochongwa) ya bawaba zisizokuwepo tena. Mafundi wengi huyashindilia fila ya kopo, wakapiga msasa, wakapaka vanishi. Mvua za masika zikipita, kila tundu linajitokeza tena kama doa. Fila hainyumbuki na mbao inapovimba na kusinyaa, wala haina nyuzi za kunywa rangi. Tundu la mbao lizibwe kwa mbao. Fila ibaki kazi ya matundu ya misumari yasiyozidi milimita 2.

Kitakachoamua kama kiraka kitaonekana ni mwelekeo wa nyuzi. Doweli za dukani, yaani vijiti vya duara vya mbao, huchongwa kwa urefu wa nyuzi, kwa hiyo ukichomeka moja kwenye uso wa mlango na kuikata, zinazobaki kuonekana ni ncha za nyuzi. Ncha hizo hunywa vanishi kupita mbao ya kando na kuwa nyeusi, na hapo umejipatia kitone kisichofutika. Kinachotakiwa ni kizibo kilichokatwa ubavuni mwa ubao kwa biti (ncha ya drili) yenye uwazi katikati, ile mahususi ya kukatia vizibo. Huja kwa milimita 6, 8, 10 na 12. Ya 8 na ya 10 zinamaliza karibu kazi yote ya matundu ya skrubu.

Ubao wa kukatia vizibo uwe mvule ile ile, tena ya zamani na iliyokauka. Ukifika soko la Kibuye, Kisumu, ulizia kwa mafundi wa samani vipande vilivyobaki kwenye mbao kuukuu kabla hujanunua ubao mpya. Kizibo chenye unyevu kitakaa vizuri leo, kisha kitasinyaa na kuacha mstari mweusi kukizunguka. Kulinganisha rangi, pangusa kipande na mlango kwa spiriti: kwa nusu dakika hivi utaona mbao itakavyokuwa chini ya vanishi. Ukikosa inayofanana kabisa, chagua iliyofifia kidogo, maana mvule mpya huwa ya manjano na hukolea kwa mwanga, lakini iliyokolea kupita kiasi haina dawa.

Kabla ya gundi, tundu lisafishwe. Skrubu za chuma zilizokaa miaka mingi huacha weusi wa kutu ndani ya nyuzi, na tundu la kitasa mara nyingi lina grisi. Gundi nyeupe haishiki juu ya grisi hata uibane vipi. Pangusa kwa thina, acha ikauke, kisha panua tundu kwa biti mpaka ufikie mbao safi. Ugumu uko hapa: tundu likiwa wazi tayari, ncha ya biti haina pa kusimama, nayo huhama na kung'oa ukingo. Toboa kwanza kipande cha plaiwudi kwa biti ile ile, kifunge juu ya mlango kwa klampu kikiwa katikati ya tundu la zamani, kisha pitisha biti humo. Tundu litatoka la duara na ukingo wake mkali. Kina cha milimita 8 hadi 10 kinatosha kwa kizibo cha kuonekana tu. Biti ikianza kupiga kelele na kutoa unga mweupe, umegonga jiwe la chokaa, ambalo hupatikana ndani ya mvule. Punguza mwendo, la sivyo makali yataisha hapo hapo. Vaa barakoa pia, maana vumbi la mvule huwasha pua na kifua.

Paka gundi ukutani mwa tundu, siyo kuijaza chini. Gundi iliyonaswa chini ya kizibo haina pa kutokea, na husukuma kizibo kirudi juu. Kwaruza mfereji mwembamba ubavuni mwa kizibo ili iliyozidi ipande. Kabla ya kukigonga, kizungushe mpaka mistari ya nyuzi zake iende sambamba na ya mlango, kwani kikishaingia hakigeuki. Futa gundi iliyomwagika papo hapo kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwa sababu ikikaukia kwenye nyuzi, rangi haitaingia hapo.

Subiri siku nzima. Kata kizibo kikibaki milimita 1 juu ya uso, kisha kipunguze kwa patasi kali. Anza kwa kuondoa unyoya mmoja mwembamba ukitazama nyuzi zinakoelekea: zikizama chini mbele ya patasi, simama, geukia upande wa pili. Asiyejali hili huona kizibo kimevunjika chini ya uso wa mlango, akalazimika kukitoboa na kuanza upya. Malizia kwa msasa namba 120, 180, kisha 240, uliofungwa kwenye kibao. Msasa wa kidoleni huchimba bonde.

Mfuko wa kitasa ni kazi nyingine. Mlango wa milimita 45 wenye mfuko wa milimita 18 unabaki na kuta za milimita 13 na nusu kila upande, na ukipigilia kipande kinachobana sana, ukuta utapasuka. Chonga kipande cha mvule kinachoingia kwa kusukumwa na mkono, nyuzi zake zikisimama wima kama za mlango, kibaki nje milimita 2 za kurandwa. Kwanza gundisha hicho, ndipo matundu ya ufunguo na ya mkono wa kitasa yazibwe kutoka pande zote mbili, kwa kuwa sasa yana kitako.

Bawaba nazo hubeba uzito, kwa hiyo uzuri si hoja ya kwanza. Njiti za kiberiti zilizosindikwa kwenye tundu hushika kwa muda, lakini kwa mlango mzito wa mvule siziamini. Ikiwezekana, sogeza bawaba juu au chini ili skrubu zipate mbao nzima, na mfuko wa zamani uufunike kwa kiraka bapa chenye nyuzi wima. Isipowezekana, hapo ndipo doweli ngumu inafaa: itie gundi kwa kina chote cha tundu, kisha tumia skrubu ndefu zaidi kwa milimita 12, kwa sababu skrubu inayoingia kwenye ncha za nyuzi hushika hafifu na inahitaji kupenya mpaka mbao ya nyuma.

Kwa skrubu namba 8 toboa kwanza milimita 3. Kama ni za shaba, tangulia na ya chuma ya saizi ile ile ifungue njia, ndipo uirudishie ya shaba iliyopakwa nta ya mshumaa. Mvule kavu hukata kichwa cha shaba kwa urahisi, na kuitoa iliyokatikia ndani ni kuchimba tundu jipya kubwa kuliko lile ulilotoka kuliziba.