Kusubiri kwa kampuni si uoga

Ndugu, umeuliza kwa nini mafuta ya Bunyoro, magharibi mwa Uganda, yaligunduliwa 2006 lakini uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022. Uoga? Hapana. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga ukishalizika huwezi kulifukua ukaliuze. Bei ya pipa iliyokuwa juu ya dola 100 katikati ya 2014 ilishuka chini ya 30 mapema 2016. Katika hali hiyo kusubiri kuna thamani yake, na Tullow, moja ya kampuni za mafuta katika mradi huo, wakaamua kuuza hisa zao kabisa.

Shida ni kwamba hatari iliyoepukwa na kampuni haikupotea, ilihamia kwa mkulima. Mashamba ya njia ya bomba yalifanyiwa tathmini kabla ya uamuzi huo, na chochote kilichopandwa baada ya tarehe ya kufunga tathmini hakikufidiwa. Nani atapanda kahawa hapo? Wengi walikaa miaka wakisubiri fidia, na hasara hiyo haimo kwenye hesabu za mwekezaji (wala wanahisa hawaiulizi). Mimi ningeweka tathmini baada ya uamuzi wa mwisho, au kampuni imlipe mkulima kodi ya shamba lake kwa kila msimu inaomsubirisha.