Kwa wadogo zangu mnaokuja zamu kutoka mbali

Jumatatu iliyopita, saa 2:40 asubuhi, mdogo wetu mmoja aliyeripoti mwezi huu aliingia wodini anakimbia, jasho linamtiririka, mkanda wa mkoba umekatika kwenye kugombania gari. Ripoti tunapokeana saa 1:30. Dada aliyekesha naiti alikuwa bado yupo pale mezani, viatu amevivua, miguu imevimba, anapanga upya mafaili aliyokwisha kuyapanga. "Samahanini, foleni," akasema yule mdogo. Nilimpa maji ya kunywa, nikanyamaza. Mchana wa siku hiyohiyo mwenzake akanifuata chumba cha chai na karatasi ya benki mkononi. Anataka mkopo anunue gari dogo, Toyota IST, maana Chanika, huku pembezoni mwa Dar, ni mbali, na daladala zimemchosha. Akaniuliza, "Dada, wewe si ulishawahi kuwa na gari?"

Nilishawahi, na ndiyo maana naandika. Mwaka wa 9 huu, mimi muuguzi mwenzenu, natoka Chanika kuja zamu hospitali mjini, na kila wanapokuja wageni naona wanarudia yaleyale niliyoyafanya mimi. Nawapenda sana wadogo zangu, lakini mwaka huu nimechoka kunyamaza.

1. Hesabu ya kodi ianzie barabarani.

Mnakuja mnasema chumba Chanika elfu 40, Buguruni laki, kwa hiyo mmeokoa elfu 60. Hamjaokoa kitu mpaka mhesabu tangu mlangoni. Bodaboda kutoka ndani ndani huko hadi kituoni, alfajiri na giza lake, buku. Nauli ya daladala. Konda akikatisha ruti Gongo la Mboto, nauli nyingine. Ukishuka umechelewa, bodaboda tena hadi getini. Jioni rudia yote. Chukua daftari, andika kila mia uliyoitoa barabarani kwa wiki moja, bila kujionea huruma. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta ile elfu 60 yangu inaisha tarehe 17.

Na nauli ikishapanda haishuki. Mei 2022 LATRA, wanaopanga nauli, waliipandisha ya ruti isiyozidi kilomita 10 kutoka 400 hadi 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Petroli yenyewe hupanda na kushuka, EWURA, wanaosimamia bei za mafuta, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini katika miaka yote hii sijaona abiria akirudishiwa mia kwa sababu mafuta yameshuka. Ukipanga bajeti yako, panga kwa nauli ya leo na uongeze mia kila safari.

2. Kugeuza na gari si aibu.

Jioni mnasimama Buguruni saa nzima mnasukumana, halafu mnaona gari lenu likija limejaa watu waliogeuza nalo. Toa nauli ya pili, lipande likiwa bado linaelekea mjini, geuza nalo, ukae. Nilikuwa naona ni kutupa hela mpaka mama mmoja wa samaki, tunayepanda naye tangu zamani, ndoo yake katikati ya miguu, aliponiambia: "Mwanangu, mimi nageuza kwa sababu kesho saa 9 usiku naamka. Wewe unayeshika sindano unasimama mpaka Chanika kwa ajili ya mia sita?" Siku za asubuhi mfululizo, geuza. Siku ya kuamkia ofu, simama, uko na nguvu.

3. Gari la mkopo. Hapa nitakaa kidogo.

Nililinunua katikati ya mwaka 2021. Lita ya petroli hapa Dar ilikuwa chini ya 2,500. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 70, na kwa foleni ya Banana na TAZARA lile gari dogo lilikunywa lita 6 kwa siku. Elfu 15 haifiki. Makato ya benki yalikwenda mpaka ikabaki ile theluthi moja ya mshahara ambayo sheria inataka ibaki, nami nikaona theluthi inanitosha. Kosa la kwanza lilikuwa hapo: mkopo wa miaka mingi niliupigia hesabu kwa bei ya mafuta ya siku moja.

Februari 2022 vita vikaanza Ukraine. Mei lita ikafika 3,148. Juni serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100, tukapumua kidogo. Agosti ikawa 3,410. Lita 6 kwa bei hiyo ni 20,460, na kwa siku 22 za zamu inazidi elfu 450. Julai tulikuwa tumepandishiwa mishahara. Ile asilimia 23.3 iliyotangazwa ilikuwa ya kima cha chini, yangu mimi ilikuja elfu 20 na ushee. Nyongeza ya mwezi mzima ilitosha mafuta ya siku moja.

Ningeliacha gari nyumbani nikarudi kituoni, ningekuwa nimepona. Sikuliacha. Mama yangu alikuwa ameliombea dua, ameweka mkono juu ya usukani. Majirani walishazoea kuniona nalo. Kurudi kugombania daladala niliona kama kuvuliwa nguo mbele yao. Nikaanza kuweka mafuta ya elfu tano tano.

Jumanne moja ya Agosti, jioni, nikasimama sheli Gongo la Mboto. Kijana wa pampu akauliza, "Ya ngapi, dada?" Nikasema ya tano. Akatazama mshale, akanitazama, akasema kwa upole, "Dada, hii haifiki hata lita moja na nusu." Nikamwambia wewe weka.

Kesho yake saa 11:40 alfajiri, kwenye mlima kabla ya Pugu Kajiungeni, gari likaanza kukohoa, likazima. Giza totoro, malori yanapita mpaka vioo vinatetemeka. Bodaboda mmoja akaniletea petroli kwenye chupa ya maji, elfu 8. Nikamimina, nikawasha, wapi. Fundi alinieleza baadaye kwamba pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Mimi nilikuwa natembeza tangi tupu kwa miezi mitatu, pampu ikaungua. Akiba yangu ya elfu tano tano ilinunua uharibifu.

Nilifika wodini saa 4 na robo. Siku hiyo tulikuwa na wagonjwa 32. Aliyekesha alikuwa mwenzangu aliyetoka likizo ya uzazi karibuni, mtoto ana miezi minne. Saa 3 alitakiwa awe ameshafika kwake Kigogo ananyonyesha. Nilimkuta amejifunga khanga juu ya sare, na ilipoteleza nikaona maziwa yamepenya, duara mbili kifuani, moja imeshaanza kukauka pembeni. Hakusema neno. Akafungua kabati akaanza kunihesabia ampuli za morfini, moja moja, sauti imemkauka. Tulipomaliza kuhesabu ndipo akauliza, "Dada, kulikoni?"

Nikamwambia nimegongwa kwa nyuma pale Banana.

Neno lilitoka kabla sijalipima. Akanishika mabega. Akanipapasa shingo, akauliza kama naona kizunguzungu, akavuta mashine akanipima presha. Mtu ambaye mwanawe analia njaa alikuwa amesimama ananipima mimi presha, kwa ajali ambayo haikutokea. Nami nikakunja mkono wa sare nikapimwa.

Mchana mkuu wa wodi akaandika kwenye grupu, wakaanza kunichangia. Elfu 2, elfu 5, elfu 3. Mama anayetufagilia wodi alituma buku. Ikafika 37,000, na kila ujumbe ulikuja na jina la mtu. Nikaitia kwenye pampu.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Kila nikiingia naulizwa, "Shingo inaendeleaje?" Wiki ya tatu yule mama wa usafi akaniletea kichupa cha mafuta ya kuchua, kakifunga kwenye kipande cha gazeti, akasema mumewe yalimsaidia. Hapo nikashindwa. Nilikopa kwa dada yangu, nikamrudishia kila mmoja hela yake mkononi na nikamwambia ukweli uso kwa uso. Wengine walicheka. Wengine walininunia. Mkuu wa wodi hakunisemesha nje ya kazi mpaka Oktoba, na alikuwa na haki. Mwenzangu mwenye mtoto alikataa kupokea. "Hela yako sitaki," aliniambia. "Nataka ufike saa moja na nusu."

Gari niliuza Novemba kwa bei ya hasara. Hela yote nikapeleka benki, bado likabaki deni la milioni 4 na nusu, nililolimaliza 2024.

Kwa hiyo mkiniambia "foleni", jueni siwahesabii ninyi dakika. Namhesabia yule aliyesimama anawasubiri, kwa sababu safari yenu ndefu ameilipia yeye.

4. Toka na gari la kabla ya lile unaloliona linatosha.

Saa 11 alfajiri Chanika hadi mjini ni safari moja, saa 12 ni safari nyingine kabisa, hasa tangu barabara ya Gongo la Mboto ianze kuchimbwa kwa ajili ya mwendokasi. Na ukiona mambo yameharibika, piga simu ukiwa bado uko barabarani, saa 12:30, useme uko wapi na kwa nini. Aliyekesha akijua mapema anaweza kuomba wa wodi ya jirani amshikie, akaondoka. Ukipiga saa 2 unampa taarifa ambayo keshaiona.

5. Kuchangia gari kunawezekana, kwa masharti.

Ile 20,460 yangu ya mafuta ya siku mwaka 2022, mkiigawana wanne, ni kama 5,100 kila mtu. Si rahisi kuliko daladala, lakini mnakaa, mnalala, mnafika pamoja. Mimi na wenzangu watatu tulifanya hivyo karibu mwaka mzima kwenye gari la mmoja wetu wa maabara. Kilichotaka kutuvunja hakikuwa hela, ni mmoja wetu ambaye kila siku alikuwa "nafunga mlango natoka". Tunaingia kwake tunamkuta anapiga pasi. Siku ya nne ya wiki moja dereva alimwacha, akaja na bodaboda hadi Pugu, vumbi mpaka kwenye kope, na tangu siku hiyo tulikuwa tunamkuta amesimama barabarani na kikombe cha chai mkononi. Hela ilipwe mwanzo wa mwezi, saa ya kuondoka iwe moja, na mwenye gari asichangie matengenezo peke yake.

6. Baada ya naiti usiendeshe, na usipande bodaboda. Usingizi wa saa 3 asubuhi hauombi ruhusa. Panda daladala, kaa karibu na konda, mwambie unashukia wapi, lala.

7. Sare ivaliwe kazini. Mnabeba wadudu wa wodi mnawapakata na watoto wa watu kwenye siti, halafu jioni mnawarudisha nyumbani kwenu.

8. Ombeni zamu zenu zipangwe pamoja. Mkuu wa wodi akijua unatoka mbali, mara nyingi atakupa asubuhi tatu mfululizo na ofu za pamoja, badala ya kukutawanyia wiki nzima. Ombeni kabla rosta haijatoka. Ikishabandikwa ukutani mnamwongezea kazi, na mnaongea kwa kununa.

9. Konda akikatisha ruti, muwe wawili watatu mnaodai hela yenu ya kipande kilichobaki, kwa adabu, namba ya gari mkononi. Huwa wanarudisha. Mmoja akidai peke yake huitwa mgomvi.

10. Kuhama kusogea karibu ni jambo la heshima. Shida yake ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dunduliza: ile hela ya bodaboda ya asubuhi, ukitembea dakika 20 na mwenzio mwenye tochi, kwa mwaka inalipa karibu nusu ya kodi hiyo. Mimi sijahama kwa sababu ya mama, ananihitaji jioni. Ninyi ambao hamna anayewangoja Chanika mnangoja nini?

Mdogo wangu wa karatasi ya benki, nimeikunja nimeiweka kwenye droo ya pili, chini ya chati. Usiisaini bado. Ile hesabu yangu ya lita 6 nimekuandikia nyuma yake, nikaacha nafasi ya bei. Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao jaza wewe, na mwezi unaofuata jaza tena, kisha njoo tukae.

Na wewe wa mkanda wa mkoba, nimekushonea, uko hapo kabatini. Kesho tuko wote asubuhi. Gari letu linatoka Chanika saa 10:45, dereva ni yule mzee wa kofia ya kufuma, haondoki kabla na hangoji baada. Nitakuwekea khanga kwenye siti ya tatu kushoto. Dirisha ni langu.