Kondoo wa ufuatiliaji wa homa ya Bonde la Ufa: sindano ya kila mwezi ni mateso?

SWALI: Ninafuga kondoo na mbuzi kando ya Mto Tana, Garissa. Afisa wa mifugo ameniomba nitenge wanyama ishirini watakaotolewa damu kila mwezi wakati wa mvua, ili homa ya Bonde la Ufa igunduliwe mapema. Wanafaa wanyama gani, na je, huko si kuwatesa?

JIBU: Eneo lako halikuchaguliwa kwa bahati, kwani milipuko ya 1997–98 na 2006–07 yote miwili iliikumba Garissa baada ya mafuriko. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayofurika, na virusi vinaweza kukaa ndani ya mayai hayo miaka mingi ya ukame, vikisubiri maji.

Chagua wanyama wachanga waliokwisha kuachishwa ziwa, waliozidi miezi sita, ambao hawajachanjwa na ambao damu yao, ikipimwa kabla ya mvua, haina kingamwili za ugonjwa huu, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Aliye mdogo zaidi huenda bado ana kingamwili alizozipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya mama yake, naye mkubwa aliyewahi kuambukizwa hubaki na kingamwili aina ya IgG kwa miaka, kwa hiyo kipimo chake hakitakuambia lolote kuhusu msimu huu. Kingamwili aina ya IgM ndiyo inayoonyesha maambukizi ya karibuni.

Kuhusu mateso, mililita tano ni kidogo mno kwa kondoo wa kilo ishirini, mwenye damu inayozidi lita moja. Kinachomwumiza hasa ni namna anavyokamatwa. Kazi ifanywe alfajiri kabla ya jua kali, wenzake wakiwa karibu, na asiburutwe kwa mguu wala pembe. Msaidizi amwegemeze ukutani na kuinua kidevu chake kidogo. Mtoa damu abonyeze mfereji wa shingo kwa kidole gumba mpaka mshipa ujae, kisha achome mara moja, na akimaliza aukandamize kwa dakika moja hivi ili pasivimbe. Akiukosa mshipa mara mbili, amwachie mnyama apumzike. Kila mnyama awe na sindano yake mpya. Hili halina mjadala, kwa sababu sindano moja ikizungushwa zizini inaweza kusambaza virusi.

Jambo linalonitatiza mimi zaidi ni kwamba wanyama hawa wanaachwa bila chanjo kwa makusudi. Kubaliana na afisa wako mapema, tena kwa maandishi, kuhusu matibabu na fidia wakiugua, na uwachanje wengine kabla ya mvua. Ila chanjo ya Smithburn, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, asipewe jike mwenye mimba, kwa kuwa inaweza kumfanya aitupe.

Majike wengi wakitupa mimba kwa pamoja na wana-kondoo wakifa ndani ya siku moja au mbili, usingoje zamu ya mwezi: piga simu siku hiyo hiyo, na usiguse kijusi wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu.