Maswali na majibu: chakula kinapoumiza baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Wasomaji kadhaa wa Bukavu wametuandikia kuhusu maumivu wanayoyapata wanapokula, baada ya wao au ndugu zao kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito nje ya nchi. Wengi hurudi nyumbani na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa watu wasiojua bugali wala sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Tunajibu kwa kuzingatia sufuria zetu wenyewe.

Ni wiki ya tano tangu nilipokatwa sehemu kubwa ya tumbo huko India. Uji unapita vizuri, lakini jana nilionja bugali kwa sombe, matonge mawili tu, nikashikwa na maumivu makali katikati ya kifua, mate yakajaa mdomoni, mwishowe nikatapika ndipo nikapata nafuu. Je, mshono umefunguka? (Mama wa Kadutu)

Mama, pole sana. Ikiwa huna homa na maumivu yaliisha mara tu ulipotapika, yaelekea zaidi kwamba tonge lilikwama. Katika upasuaji wa aina hiyo huondolewa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na kinachobaki ni mrija mwembamba unaobeba kati ya mililita 100 na 150, yaani pungufu ya kikombe cha chai, nao katika wiki za mwanzo bado una uvimbe. Sasa tazama jinsi tunavyokula bugali: tunaufinyanga, tunauchovya katika mchuzi, tunaumeza. Hakuna anayetafuna bugali kwetu, na mtoto anayeutafuna huchekwa. Tonge hilo hufika likiwa zima na lenye kunata, likaziba njia, na mate uliyoyaona ni yale ambayo hayakupata pa kupita.

Madaktari wengi huelekeza vinywaji tu kwa wiki moja au mbili za kwanza, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na vyakula vya kawaida baada ya wiki ya sita hadi ya nane. Lakini maelekezo ya daktari aliyekupasua ndiyo yanayotangulia. Kwa hiyo bugali umeuwahi mno. Hata muda wake utakapofika, ujaribu kwa kiasi cha ukucha, uutafune kama nyama, na usishangae ukikukataa, kwa maana bugali, mkate na wali mkavu huwa miongoni mwa vyakula vya mwisho kukubaliwa na tumbo lililopasuliwa.

Kinachokupasa kutafuta sasa ni protini, angalau gramu 60 kwa siku, na hapa Bukavu tuna bahati ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Chukua sambaza wakavu, uondoe vichwa, uwapashe moto kwenye sufuria bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, uwatwange, kisha uchekeche unga wake kwa chujio la chai ili miiba ibaki juu. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji mwepesi wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi) usiotiwa sukari ni mlo mzuri kwa mtu wa hali yako. Yai laini, mashanza (maziwa ya mgando), na maharagi yaliyopondwa na kuchujwa maganda pia yanafaa. Sombe ina nyuzi nyingi. Isubiri, na itakaporudi mezani itwangwe mara mbili, ichemshwe sana, na mawese yawe kidogo.

Tumia kijiko cha chai, ukiweke chini baada ya kila funda, na mlo wako uchukue dakika 20 hadi 30. Wengi huona ishara kabla ya maumivu: kwikwi, pua kutiririka ghafla, au uzito chini ya mfupa wa kifua. Ishara hiyo ikija, acha, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Kijiko hicho cha mwisho ndicho kinachowatapisha wengi.

Lakini ukipata homa, au moyo ukapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika nawe umepumzika, au maumivu yakapanda hadi bega la kushoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu hizo ni dalili za mshono unaovuja.

Mke wangu huumia anapoteremsha chakula kwa maji. Afanyeje? (Msomaji wa Bagira)

Aache kunywa wakati wa kula. Maji na chakula havienei pamoja katika mfuko mdogo. Anywe hadi dakika 30 kabla ya mlo, kisha asubiri dakika nyingine 30 baada ya mlo, na kati ya mlo na mlo anywe kwa mafunda madogo hadi akaribie lita moja na nusu. Soda na vinywaji vingine vya gesi aviepuke.

Mimi ni mwanaume, nilifanyiwa upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nakula bila shida, lakini sasa kila chakula kinaniunguza chini ya kifua. Kwa maumivu ya magoti ninanunua diklofenaki kwenye farmasi ya jirani. Je, kuna uhusiano? (Msomaji wa Ibanda)

Ndugu, upo, na ni uhusiano wa karibu sana. Mahali pale ambapo kifuko kidogo cha tumbo kimeshonwa na utumbo hupata vidonda kwa urahisi, na visababishi vinavyojulikana zaidi ni dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, pamoja na sigara. Farmasi zetu huuza diklofenaki bila kuuliza lolote, na muuzaji hawezi kuona kovu lililo chini ya shati lako. Iache leo. Kwa magoti tumia parasetamoli kwa kipimo kinachoruhusiwa. Hata hivyo, kama unameza aspirini kwa sababu ya moyo, usiiache kabla ya kuongea na daktari wako. Kidonda chenyewe huthibitishwa kwa kamera inayoingizwa kupitia mdomoni, na hutibiwa kwa dawa za kupunguza asidi kwa muda wa miezi, si kwa siku tatu. Ukiona choo cheusi au ukitapika damu, usisubiri miadi.

Nikinywa chai yenye sukari pamoja na mandazi, baada ya robo saa tumbo linasokota, moyo unakimbia, natoka jasho hadi nalazimika kulala. Ni sumu? (Dada wa Nyawera)

Si sumu, dada. Sukari nyingi inateremka kwenye utumbo kwa kasi kuliko zamani, nao huvuta maji mengi kwa ghafla. Hali hii huwapata zaidi waliounganishwa tumbo na utumbo. Anza mlo kwa protini, ondoa sukari kwenye chai na uji, na mandazi uwaachie watoto. Kama kizunguzungu kinakuja saa moja hadi tatu baada ya mlo, huenda ni sukari ya damu iliyoshuka mno, na hapo mweleze daktari.

Dada yangu alipasuliwa miezi miwili iliyopita. Kwanza alishindwa na nyama, baadaye uji, na sasa hata maji anayatapika. Ni wiki ya tatu hii. Tangu juzi anayumba akitembea na anasema anaona vitu viwili viwili. Kituo cha afya kimemtundikia serumu ya sukari. Tuendelee? (Msomaji wa Panzi)

Hapana. Mpelekeni hospitali kubwa leo, na mwendo mzima mseme neno moja: vitamini B1. Akiba ya vitamini hiyo mwilini haizidi wiki chache, na mtu anayetapika bila kukoma huimaliza. Kuyumba, kuona viwili viwili na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ubongo umeanza kuumia. Serumu ya sukari ikitangulia bila vitamini B1 ya sindano, huweza kuharakisha madhara hayo, kwa sababu mwili hutumia vitamini hiyo hiyo kuchoma sukari. Nauliza waziwazi kwa niaba yenu: je, wahudumu wa kituo waliambiwa kwamba alikatwa tumbo? Mara nyingi familia huficha kwa aibu, na muuguzi hutibu malaria au tumbo la kawaida.

Kuhusu kutapika kwenyewe, kushindwa na vigumu kwanza, kisha laini, kisha maji, huonyesha njia iliyosinyaa. Hospitali yenye kamera inaweza kuipanua kwa puto dogo, mara nyingi bila kupasua tena.

Mama mkwe anasema ninadharau chakula chake. Nikikubali kula ili nisimkwaze, naumia usiku kucha. (Msomaji wa Ibanda)

Mwambie mume wako azungumze na mama yake kabla ya siku ya kwenda kumsalimia, si mezani mbele ya wageni. Kisha umwombe mama mkwe mwenyewe akuandalie kitu kimoja unachokiweza, kwa mfano mchuzi wa samaki mbichi asiye na miiba, kwenye sahani ya chai. Akishakupikia kwa mkono wake, ukila vijiko vinne atakuwa amekulisha.