Fundi, kabati hili lina umri gani?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimenunua kabati la droo nne la mtumba, na muuzaji ameniapia kwamba lina zaidi ya miaka mia moja. Pembe za droo zimeshikanishwa kwa meno ya mbao yasiyolingana, lakini vishikio vimefungwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba. Shemeji yangu anasema skrubu hizo zinatosha kuonyesha kwamba nimepigwa. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba. Kwa sasa usimwamini yeyote. Chomoa droo ya juu, ipindue, kisha uimulike kwa tochi kutoka ubavuni. Uso wa kabati hupigwa msasa na vanishi kila linapopata mwenyewe mpya. Chini ya droo hakuna anayepashughulikia, ndiyo maana mimi huanzia huko.

Shemeji yako ana hoja. Skrubu za msalaba zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930, kwa hiyo hizo zako haziwezi kuwa na miaka mia. Lakini kishikio ndicho kitu cha kwanza kung'oka na kubadilishwa. Fungua kimoja, utazame ubao wa mbele kwa ndani na kwa nje. Ukiona matundu mengine yaliyozibwa, au kivuli cha kishikio chenye umbo tofauti, ujue hizo skrubu ni za fundi wa baadaye.

Sasa hayo meno. Haya nayapenda kuliko kitu kingine chochote kwenye droo, maana mkono wa aliyeyakata bado unaonekana. Fundi wa msumeno na patasi hukata jino moja nene, jingine jembamba, na mara nyingi huacha mstari mwembamba ubavuni mwa droo, aliouchora ili ajue akate hadi wapi. Pitisha ukucha, utausikia. Mashine, zilizoenea viwandani mwishoni mwa karne ya 19, hutoa meno ya ukubwa mmoja na nafasi za ukubwa mmoja, moja baada ya jingine. Ila tahadhari: wapo mafundi wanaokata kwa mkono hadi leo, hivyo meno peke yake hayathibitishi uzee.

Ndiyo maana sakafu ya droo ina uzito kama ushahidi. Ikiwa ni plaiwudi na haijawahi kubadilishwa, kabati huenda ni la karne ya 20 au baadaye. Ikiwa ni ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ni la baada ya Vita Kuu ya Pili. Ikiwa ni mbao halisi, papasa: randa ya mkono huacha mawimbi madogo yanayosikika kwa vidole. Alama za msumeno zilizopinda kama upinde ni za msumeno wa duara, ambao ulienea katika karne ya 19.

Tafuta pia msinyao. Ubao husinyaa kwa upana, karibu hausinyai kabisa kwa urefu, ndiyo sababu meza ya duara ya zamani ukiipima huku na huku utakuta si duara kamili. Kwenye sakafu ya droo yako, msinyao huo huonekana kama ufa au mwanya ukingoni.

Rangi nayo itazame. Mbao zisizopakwa kitu huiva taratibu kwa hewa, sehemu iliyofichwa hubaki na weupe zaidi. Ukikuta ndani kote pamepakwa rangi ya kahawia iliyochuruzika hadi kwenye viungo, mtu alitaka lionekane la kale, na hapo muuzaji ana maswali ya kujibu.

Kwa hiyo, meno ya mkono, matundu yaliyozibwa, sakafu ya mbao iliyosinyaa: vyote vitatu vikikutana, miaka mia inawezekana kabisa. Sakafu ikiwa plaiwudi, angalia kama mfereji inamoingia ni mpana kuliko plaiwudi yenyewe. Mfereji ukiwa mpana, huenda ulichongwa kwa ajili ya ubao mnene uliokuwapo kabla. Na tafadhali, usipige msasa popote kabla hujamaliza kukagua.