Viingilio vya Uingereza na hoja ya mishahara

Kaka, unaposema klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zinapandisha viingilio kwa sababu zisipofanya hivyo zitashindwa kulipa wachezaji, hapo nakupinga. Hela yao kubwa haipiti getini. Haki za matangazo za ndani ya Uingereza peke yake, kwa misimu ya 2016 hadi 2019, ziliuzwa kwa takriban pauni bilioni 5.1. Bado hujagusa za nchi za nje, ambazo mimi na wewe tunazichangia kila mwezi tukilipia kisimbuzi.

Sasa kumbuka Februari 2016. Liverpool walikuwa wametangaza tiketi ya pauni 77 kwenye jukwaa lao jipya. Mechi na Sunderland, dakika ya 77, maelfu ya mashabiki wakainuka wakatoka Anfield timu ikiwa inaongoza 2-0. Ikaisha 2-2, sijui nani alimroga nani! Siku chache tu, wamiliki wakaomba radhi na kuifuta bei ile. Je, klabu ilifilisika? Mwaka 2019 ilibeba Ligi ya Mabingwa. Na kuanzia msimu wa 2016/17 ligi nzima ikakubali tiketi ya shabiki wa ugenini isizidi pauni 30.

Ukishuka madaraja ya chini, ambako televisheni inalipa kiduchu, nakubaliana nawe kabisa: kule ugali unatoka getini. Ila wakubwa wanapandisha kwa sababu wanajua mtu atanunua tu.