Kutoka Entebbe hadi Zanzibar: umbali na muda halisi wa safari ya ndege

Ndugu aliyeuliza ni kilomita ngapi na saa ngapi kwa ndege kutoka Kampala hadi Zanzibar, mimi wakwe zangu wako Unguja na njia hiyo naipita mara kwa mara. Umbali wa mstari mnyoofu kati ya uwanja wa Entebbe na ule wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, ni takriban kilomita 1,025. Ndege ya moja kwa moja huchukua chini kidogo ya saa mbili, na kwa kuwa saa za Uganda na Tanzania ni zilezile, tofauti unayoiona kwenye tiketi kati ya kuondoka na kufika ndiyo muda wenyewe. Angalia tu kwamba tiketi huandika 14:00, nasi twasema saa nane mchana.

Linaloamua urefu wa safari ni mahali ndege itakapotua njiani. Ukipitia Nairobi, vipande viwili vya njia vinafika kama kilomita 1,120 kwa jumla, yaani unaongeza kilomita mia moja hivi tu, lakini kusubiri kuunganisha ndege kunaweza kula saa nyingi kuliko kuruka kwenyewe. Kupitia Addis Ababa ni jambo jingine kabisa, kwa sababu unapelekwa kaskazini zaidi ya kilomita 1,200 ndipo urudishwe kusini, na jumla inakaribia kilomita 2,900. Tiketi hiyo huwa nafuu wakati mwingine, na kwa kijana asiye na haraka sioni ubaya. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo siipendekezi hata kidogo.

Hata tiketi ya moja kwa moja isome vizuri kabla ya kulipa, kwani ndege inaweza kutua kwanza Kilimanjaro, abiria wengine wakashuka nanyi mkabaki vitini. Ikiruka bila kutua, inavuka ikweta punde tu baada ya kuondoka, inakatiza Ziwa Victoria kuelekea upande wa Musoma na kupita juu ya Serengeti. Anayetaka kuuona Mlima Kilimanjaro, mawingu yakiruhusu, aombe dirisha la kushoto.

Wapo wanaoshukia Dar es Salaam kisha wakapanda boti, ambayo huchukua takriban saa mbili. Njia hiyo ni nzuri ukifika mapema mchana. Ukitua usiku, utalala Dar na kulipia chumba, na kipindi cha kusi, yaani upepo wa kusini, bahari huchafuka hata wazoefu wakatapika.

Saa zinazosahaulika ni za huku kwetu. Kutoka katikati ya Kampala hadi Entebbe ni kilomita 40 hivi, ila foleni ya Kibuye na Najjanankumbi haitabiriki, na kwenye kizuizi cha kuingilia uwanjani abiria hushuka garini wakakaguliwa kwa miguu, mizigo ikibaki garini. Mimi huondoka nyumbani muda wa saa tano kabla ya ndege kuruka. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi pamoja na pasipoti, maana anayetoka Uganda huulizwa akifika, na ukiitia kwenye begi kubwa utakwama mbele ya dawati la afya huku begi lenyewe likizunguka kwenye mkanda upande wa pili.